Usukani wa Gari la Inyala

Mwezi wa sita mwaka 1974, Mwalimu Didas aliniletea pikapu yake kuukuu gereji kwangu Mbalizi, pamoja na usukani wa gari la kisasa ndani ya gunia. Pikapu ile honi yake ilikuwa kitufe kwenye dashibodi, na indiketa haikuwa nayo. Akitaka kukata kona alitoa mkono dirishani. Usukani mpya ulikuwa na honi katikati na mkono wa indiketa ubavuni.

"Nimeupata kwa wauza vyuma chakavu Uyole," alisema. "Utaingia, fundi?"

"Utaingia, Mwalimu. Nyaya ndizo kazi."

Jua likizama nilikuwa nimemaliza kuunga. Betri nilikuwa sijaifunga. Nikakaa, nikaushika usukani.

Ulikuwa na joto. Joto la viganja vya mtu.

Honi ikalia.

Mara moja, taratibu... Nikanusa sabuni ya kufulia na moshi wa kuni. Kiti cha pembeni kikabonyea.

"Dereva," sauti ilinong'ona. "Punguza mwendo. Mume wangu ananisubiri."

Ilikuwa sauti ya Sekela, mke wangu.

Miezi minane nyuma alikwenda Iringa kumwona dada yake. Wakati wa kurudi akapata lifti, gari likapinduka mteremko wa Inyala. Sekela tulimzika. Dereva alipona, akatoweka.

"Sekela, ni mimi. Asukile."

"Dereva, nakuomba. Nishushe kwangu Iyunga."

Hakunijua. Kwenye kiti kile, nimeshika usukani wa gari lile la Inyala, mimi nilikuwa yule aliyemuua.

Nikafunga betri, nikaendesha. Tulipofika njia ya kwangu indiketa ya kushoto ikaanza yenyewe. Tik... tik... tik... Niliposimama, mlango wa abiria ukafunguka. Nyayo zikaelekea barazani.

"Asukile, nifungulie."

Nikaruka, nikakimbia. Barazani hapakuwa na mtu.

Kesho yake nilirudisha gari gereji, na jioni Didas alikuja kulichukua. Nilimweleza yote. Nikamwomba aendeshe yeye, mimi nitangulie nyumbani nimfungulie mke wangu. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa, lakini akakubali.

Nilifagia nyumba. Nikachemsha maji, maana Sekela akitoka safari alipenda kuoga kwanza. Nikaacha mlango wazi, nikasimama kizingitini na chemli mkononi.

Nikasikia gari. Mlango wa abiria. Nyayo...

Kimya.

Didas alishuka. Alikaa chini, palepale kwenye majani.

"Nimemwona," alisema. "Gauni la bluu."

"Yuko wapi?"

"Alipanda barazani, akachungulia ndani. Ulikuwa mbele yake, fundi. Mngeweza kugusana." Alionyesha barabara kwa kidole. "Akasema, 'Hayupo. Naye amekwenda kunitafuta.' Kisha akashika barabara ya Iringa, kwa miguu."

Nilikimbia na taa ile, nikimwita, hadi mafuta yakaisha.

Usukani tuliung'oa tukautupa mtoni. Mwezi uliofuata dereva mmoja wa lori, mtu asiyenijua, alisimulia gerejini kwangu kwamba amekutana na mama anatembea peke yake karibu na Igawa, kwenye barabara ya Iringa. Alikuwa anauliza kila gari kama wamemwona fundi mmoja wa Mbalizi.

Nimekwenda Igawa mara saba. Sijamkuta.