Mfuko Juu ya Pua

Nikitoka shule, sikuwa nikienda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia ukumbi wa maonyesho karibu na bandari, ambako mama alikuwa mfagizi na mtunza ufunguo. Nilimsaidia kufuta vumbi huku mdomo wangu ukienda bila breki. Ndiyo maana akaniita Chiriku.

Ukumbini kulikuwa na mfano wa kituo cha kupokelea gesi kutoka melini, kilichopendekezwa kujengwa jirani na mtaa wetu. Tangi lake lilikuwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Ukingo ulilizunguka, ili gesi iliyopozwa ikawa kimiminika isisambae ikimwagika. Vyote hivyo vilikuwa vya plastiki. Kitu kimoja tu kilikuwa cha kweli: kitambuzi cha gesi juu ukutani, kidogo kama kikombe. Sote tulikiita Pua. Kikinusa gesi, king'ora kililia mpaka masikio yakauma.

Tatizo ni kwamba Pua ilinusa hata spiriti ambayo mama alisafishia vioo. King'ora kilipolia mara ya kwanza mbele ya wageni, fundi mkuu wa mradi, aliyesimamia ukumbi, alikunja uso. Mara ya pili alimwambia mama, "Dada, nikisikia tena kelele hizi bila sababu, nitatafuta mtu mwingine."

"Sawa, fundi," mama alijibu. Kisha akaingia stoo, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kazi hii ikiondoka, mwanangu, sijui tutashika wapi."

Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Niliogopa sana. Kesho yake, mama alipotoka kuchota maji, nilipanda juu ya meza na kuifunika Pua kwa mfuko mwembamba wa plastiki, usioonekana kwa urahisi kutoka chini. Niliukaza kwa mpira wangu wa nywele. Wiki nzima king'ora hakikulia, na mama akaanza tena kuimba akifagia. Nikajiona mwerevu kweli!

Jumamosi wakazi walijaa ukumbini. Walikuja kuamua kama wataunga mkono kituo hicho au watakikataa. Muuguzi mmoja mstaafu alisimama.

"Nasikia gesi hii haina harufu. Sasa nitajuaje kama imevuja?"

"Usitegemee pua yako, mama. Itegemee ile," fundi alisema, akionyesha ukutani. Akachukua mtungi mdogo wa gesi ya majaribio, akainua bomba lake jembamba kuelekea juu, akafungua.

Kimya. Akafungua tena. Kimya kile kile.

"Waongo!" mtu alipaza sauti. "Mnataka tuungue tukiwa tumelala!"

Watu walisimama, viti vikaanguka. Fundi alimgeukia mama. "Ufunguo unao wewe. Umekifanya nini kitambuzi?"

"Haki ya Mungu, sijakigusa," mama alisema. Watu wote walimkodolea macho.

Nikisema, mama atafukuzwa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikinyamaza, atafukuzwa vilevile, tena akiitwa mwongo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni mimi," nilisema. Chiriku mzima, na sauti haikufika hata kiti cha pili. Nikapanda juu ya meza, nikauvuta ule mfuko kwa nguvu, nikauinua juu. "Ni mimi! Mama hajui kitu!"

Fundi alifungua mtungi tena. King'ora kikalia. Watoto wachanga waliangua kilio, lakini hakuna mtu mzima aliyelalamika. Kiliponyamaza, fundi aliniuliza taratibu, "Kwa nini, binti?"

"Ulisema kikilia tena utamfukuza mama."

Muuguzi ndiye aliyezungumza.

"Wodini kwetu kulikuwa na mgonjwa wa kulalamika kila saa. Tukamkaripia, akanyamaza. Tukafurahi tumepata usingizi. Asubuhi tulimkuta ameshatutoka." Alijifuta macho. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe mtoto umekosea, na kosa lako lingeweza kuua. Lakini na wewe fundi, ukimwadhibu mtu kwa sababu kengele imelia, siku nyingine ataiziba."

Fundi aliinamisha kichwa, kisha akamsogelea mama. "Dada, nisamehe. Nilipaswa kuuliza kwa nini ilikuwa ikilia."

"Ni spiriti ya vioo," mama alisema.

"Basi tumia maji na sabuni. Na Jumatatu njoo kazini kama kawaida."

Siku hiyo wakazi hawakukubali wala kukataa. Waliandika sharti moja kwanza: kila king'ora cha kituo kijaribiwe kila mwezi, mbele ya macho yao.

Tulipofika mlangoni kwetu, mama alinirudishia mpira wangu wa nywele, aliouokota ukumbini.

"Chiriku, maneno yako yote tangu uzaliwe hayajawahi kunidhuru," alisema. "Kilichoniumiza ni wiki moja uliyonificha. Ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, hata kama unajua nitapiga kelele."

"Na ukipiga kelele kweli?"

"Nitapiga," alisema, akinivuta kifuani. "Mwenye kupiga kelele bado yuko hai."