Uso Uliokataa Kukauka

Rangi ya uso haikukauka. Picha ile ya ubao iliegeshwa juani siku baada ya siku. Gauni la zari lilikuwa kavu tangu zamani, lulu pia, lakini ukigusa shavu kidole kilitoka na unyevu, kikinuka udongo wa kaburini.

Choyo ndicho kilicholeta balaa. Taddea, mke wa kwanza wa Bwana Galvano, alipokufa, tajiri huyo wa mji wa Ferrara aliona uchungu kupoteza picha ya marehemu iliyopakwa dhahabu yote ile. Kumpoteza mke hakukumuuma hivyo. Akamwagiza mchoraji akwangue uso tu, aweke wa mke mpya, Isotta. Kwa watu wa kasri, zari na lulu ndizo zilizosema wewe ni nani.

"Mama, nani anapumua nyuma yangu?" Isotta alimnong'oneza Benvenuta, yaya mzee aliyemlea Taddea.

"Usigeuke, mwanangu."

"Ananipapasa shavu! Kama anachagua kitambaa dukani..."

Benvenuta akapiga ishara ya msalaba.

Padri akaletwa. Akafukiza ubani, lakini moshi ulikataa kupanda, ukaizunguka picha, ukaizunguka shingo ya Isotta, na humo ndani ya moshi mwanamke akalia, akalia kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake cha pekee, mpaka chetezo kikamponyoka padri mkononi.

"La kuvunda halina ubani, Bwana Galvano," padri alisema. "Huyu marehemu anautaka uso. Choma ubao huu leo, umwokoe mkeo."

"Nichome dhahabu? Kesho Mtawala anakula kwangu! Wewe omba tu, padri, ndiyo kazi yako."

Kesho yake Isotta akashuka ngazi na zari lake na lulu zake. Benvenuta akaangusha sinia la samaki aina ya mikunga. Kidevu kile alikiosha tangu utotoni. Kovu lile la ndui alilipaka mafuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Isotta yuko wapi?" akauliza.

"Ndani ya ubao," akajibu Taddea, akitabasamu. "Alilia kwamba kuna baridi. Nimemwambia atazoea."

Galvano akaja mbio. Miaka mingi alilala kitanda kimoja na uso ule. Akamtazama mkewe kuanzia shingoni kushuka chini, akaridhika.

"Nyoosha mkufu," akasema. "Wageni wanaingia."