Kisahani Kilichopoa

Saa mbili asubuhi, profesa aliyekuwa ametoka tu safarini alifungua kabati la joto la maabara yake, akakuta kisahani kimepoa. Ndani yake mlikuwa na chembe hai za ubongo, zilizooteshwa kutokana na ngozi ya binadamu na kufundishwa kuuongoza mkono wa chuma uokote vikombe. Zote zilikuwa zimekufa.

"Wamenimaliza," alimwambia mpelelezi, mama aliyetumwa na polisi.

Mama huyo alizoea maiti zenye sura. Hii ilimkosesha raha. Akaanza na mlinzi, aliyekuwa akimtangazia kila mtu kwamba kitu kile ni balaa tupu.

"Ulikichukia?"

"Nilikiogopa, afande! Hakina macho, halafu kinaokota vikombe? Hata kabati sijawahi kuligusa."

Mpelelezi aliinama kabatini. Joto lilizimwa kwa swichi. Lakini kwanza mtu alichomoa nyaya za kisahani, moja moja, akazikunja vizuri kando. Mwenye chuki angevunja, mwoga asingegusa.

"Nyaya hizi ni za nini?"

"Za kufundishia," profesa alisema. "Mkono ukiangusha kikombe, chembe zinapigwa shoti. Ndivyo zinavyojifunza."

"Nani mwingine anajua kuzichomoa?"

"Fundi wangu tu. Lakini yeye ndiye aliyezilea! Ngozi yenyewe ni ya marehemu binti yake. Mzee mwenyewe aliitoa kwa hiari."

Fundi, mzee mwenye mvi, alikuwa akiosha chupa chumba cha pili.

"Ulianza na nyaya," mpelelezi alimwambia. "Hukutaka zipigwe shoti tena."

Hakukana. "Niliambiwa zitasaidia wagonjwa. Kumbe kazi yangu ni kukaa pale, kikombe kinaanguka, shoti inapigwa. Mwanangu alikufa kwa maumivu, afande. Nikamuuliza profesa kama hazihisi kitu. Akasema, 'Nadhani hazihisi.'"

Sheria ilikuwa na jina moja tu la jambo hilo: uharibifu wa mali. Mpelelezi alimtia pingu huku roho ikimuuma.

Walipofika mlangoni, profesa aliwapita mbio, kopo lenye barafu mikononi, uso umechangamka.

"Kuna akiba!" alisema. "Ngozi ile ile, ilikuwa kwenye friza ya jengo jingine. Jumatatu tunaanza upya."

Fundi aligeuka kumfuata. Mpelelezi akamdaka.

"Mzuie, afande. Tafadhali, mzuie."

"Siwezi, baba," alisema, akamfungulia mlango wa gari.