Nipashie

Nyumba ile ilikuwa na watu wazima wanne, kila mmoja na mikono yake miwili mizima, na maikrowevu yao ilikuwa na kitufe kimoja tu cha kuwashia. Lakini aliyekibonyeza alikuwa mmoja.

Alikuwa msusi. Kutwa husimama nyuma ya vichwa vya watu, akirudi jioni viatu vinambana kwa uvimbe. Hajaweka mkoba chini, sebuleni wameshaanza: "Nipashie!" Basi, hivyo tu. Hakuna jina, hakuna tafadhali, hakuna hata kugeuza shingo kutoka kwenye televisheni. Naye huitikia "Haya!" kutoka jikoni. Neno lilikuwa limeshamzoea mdomo, linatoka lenyewe kabla hajajua nani ameomba.

Na walichoomba hakikuwa chakula peke yake. Mama mkwe alikuwa na mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele, ukishapata moto anaukanda magotini. Shemeji, ambaye hakuwahi kudumu kwenye kazi yoyote na kwa hiyo wakamwita Bosi, alikaushia humo soksi. Mume alitaka mkate wa jana ulainike, ndimu zipate moto zikamulike vizuri, maziwa yasitoke utando. Siku moja tu msusi alipasha taulo bichi la kumvukizia mteja nywele, mama mkwe akauliza, "Umeme huo unalipiwa na saluni?"

Alasiri moja msusi alirudi mapema. Alikuwa akiosha sifongo sauti ilipotoka sebuleni. "Nipashie!"

"Haya!"

Akapasha wali na maharage, akafunika, akapeleka. Sebuleni hapakuwa na mtu. Televisheni imezimwa. Akadhani Bosi yuko msalani, akaacha sahani mezani, akarudi kwenye sifongo lake. Alipopita tena, sahani ilikuwa tupu. Haikuwa na punje wala alama ya mchuzi. Ilikuwa kavu na ya baridi kama imetoka dukani.

Ndipo mlango wa nje ulipofunguka, Bosi akaingia na vumbi la barabarani miguuni. "Shemeji yangu, njaa inanitafuna. Nipashie."

Msusi alimtazama mpaka Bosi akajikagua shati.

Tangu siku ile chakula kilikataa joto. Mashine inazunguka, mvuke unatoka, sahani inamchoma vidole, lakini ikifika mezani mafuta yameganda meupe juu ya mchuzi. "Siku hizi unapasha au unapitisha tu mle ndani?" mume akauliza. Jikoni kukaanza harufu ya nywele zilizoungua. Msusi aliijua harufu hiyo kuliko mtu yeyote mle ndani, ndiyo maana aliogopa: zile hazikuwa nywele za binadamu.

Na sauti ilizidi kuita. Ilianza na kikohozi cha mumewe, ikamalizia na uvivu wa Bosi, kama nguo ya viraka.

"Baba Kidoti," alinong'ona chumbani, "kuna mtu humu ndani asiye wetu."

"Umechoka tu wewe. Pumzika." Mume akajigeuza. "Lakini kabla hujapumzika, nipashie maziwa."

Wasingejali kabisa kama jambo hilo lisingegusa magoti ya mama mkwe. Aliuweka magotini mfuko wake wa mchele uliotoka kupashwa, akapiga ukelele uliofika kwa majirani. Mfuko ulikuwa barafu tupu, na miguu ikakataa kukunjika hadi kesho yake. Ndipo ghafla jini likawa jambo la kweli, na mtaalamu wa majini akaitwa.

Alikuja na koti zuri na marashi mengi. Alisimama mbele ya mashine, akasoma kimoyomoyo, kisha akauliza, "Nani aliliitikia kwanza?"

Macho yote yakamgeukia msusi.

"Nilisema mimi!" mama mkwe akadaka. "Huyu ndiye kalileta!"

"Mama, kwa heshima zote," msusi alisema. "Neno hilo limejifunza kwa nani? Humu ndani watu hawasalimiani, wanaagizana. Jini limeingia, likadhani ndivyo hodi inavyopigwa."

Bosi alicheka, kisha akagundua kacheka peke yake.

Mtaalamu hakucheka. "Asemavyo ni kweli. Halikai kwenye mashine hii. Linakaa kwenye mwito wenu. Kuanzia leo kila mtu ajipashie mwenyewe, na likiita, pasiwe na wa kuitika. Likikosa mtumishi litaondoka." Akamtazama Kidoti, binti mdogo wa msusi, aliyekuwa akichora sakafuni. "Au litatafuta mwingine, ambaye bado hajajua kukataa. Likimpata huyo, halimwachi."

Wote waliapa. Kiapo kilivunjika kesho yake mchana.

"Shemeji, si unajua mimi zile dakika zinanichanganya?" Bosi aliita akiwa amelala kwenye kochi. "Nipashie."

"Inuka."

"Aa, wewe nawe, mtaalamu mwenyewe mjanja mjanja tu. Kidoti! Njoo umpashie baba mdogo."

"Haya!" Kidoti akaitika, akakimbilia jikoni.

Msusi alihisi kama amepigwa kofi. Ilikuwa "Haya!" yake mwenyewe, kwa sauti ileile ya kuinamisha kichwa, ikitoka kwa mtoto ambaye hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote, ila alikuwa akisikia kila siku ya Mungu. Na kabla hajainuka, jikoni kukasema polepole, kwa kubembeleza: "Na mimi. Nipashie."

"Haya!"

Msusi alikimbia, na ujia ule mfupi ukawa kama haufiki, na harufu ya nywele ikamjaa kooni, na alipoingia alimkuta mwanawe juu ya kigoda mbele ya mashine iliyoachama ikitoa mwanga, mikono yote miwili imeingia ndani, imeshika sahani tupu ambayo haikumwachia, na weupe wa barafu ukimpanda kutoka vidoleni kwenda viwikoni, midomo imegeuka rangi, na kutoka nyuma ya mwanga ule, mahali ambapo pangekuwa na ukuta wa bati, kitu kikimvuta taratibu kama mtu anayevuta shuka ajifunike.

"Mama," Kidoti alisema, meno yakigongana, "anasema sasa ni zamu yangu."

Msusi alimkumbatia kiunoni, akaegemeza mguu ukutani, akavuta. Na maneno yote aliyoyameza katika jikoni lile yakapanda kwa pamoja.

"Si zamu yake! Wala si yangu! Una njaa? Jipashie mwenyewe!"

Sahani ikapasuka. Mama na mtoto wakaanguka chini. Bosi aliyekuja mbio akachomoa waya ukutani, lakini mashine ikaendelea kuzunguka, ikalia ti, ti, ti, kisha pazia la dirisha likafura kuelekea nje, na harufu ikakatika.

Mume alipofika kutoka kazini aliwakuta wote sebuleni. Kidoti alikuwa mapajani mwa mama yake, mikono imefichwa kwapani mwake, ikirudi joto kidole kwa kidole. Mama mkwe alikuwa analia na kuomba msamaha. Bosi alikuwa ameleta blanketi, bila kutumwa. Waliongea kwa upole uliowapwaya, kama viatu vya kuazima.

Mume alisikiliza mpaka mwisho. Akajifuta jasho, akashusha pumzi ndefu, akajilaza kwenye kiti.

"Basi limekwenda," alisema. "Jamani, koo limenikauka. Mama Kidoti, hebu nipashie chai."

"Haya!"

Ilikuwa sauti ya msusi, yenyewe hasa, nyepesi, yenye kutii. Ilitoka jikoni.

Wote waliutazama mdomo wake. Ulikuwa umefungwa.

Mlango wa mashine ukabanwa. Mngurumo ukaanza. Msusi aliinuka, akambeba Kidoti begani, akaelekea mlango wa nje bila hata kutafuta viatu.

"Mke wangu," mume alinong'ona, hajathubutu kusogea, "unakwenda wapi? Unatuacha na nani?"

"Na huyo mnayemtaka," alisema. "Anaitika."

Akatoka. Nyuma yake, kwenye ujia, miguu iliyochoka ilikuwa inakuja kwa kuburura, ikibeba kitu kinachochemka.