Mgao wa Watu Wanane

Kila alasiri Fahima alirudi kutoka shuleni, akageuza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, juani, kisha akateka maji. Zamani madumu mawili yalitosha. Sasa aliteka manne, kwa kuwa mama yake, Zainabu, alikuwa amempokea Nadia na wanawe watatu waliokimbia vita Kongo, ng'ambo ya ziwa. Nyumba yao ya watu wanne mjini Rumonge ikawa ya watu wanane. Sufuria ilikuwa ileile, na wote walichoka, hata mbuzi wao.

Siku ya mgao wa chakula cha msaada kwa wakimbizi, wenyeji wao na walioathiriwa na mafuriko, Fahima na Nadia walipanga mstari tangu asubuhi. Jua liliwachoma utosini. Jina la Zainabu lilipoitwa, Fahima alipewa unga na maharage ya watu wanane. Kisha akaitwa Nadia, akapewa ya watu wanne.

Fahima alishtuka. Mwandikishaji wa mgao alipopita nyumbani, mama yake akiwa sokoni, yeye ndiye aliyejibu kwamba walikuwa wanane. Kwao, mgeni mnayekula naye chungu kimoja hahesabiwi kando. Kumhesabu kando ni kumfukuza. Kumbe Nadia alikuwa ameandikwa pia kwenye orodha ya wakimbizi!

Miguu ilimuuma, na njaa ikamshauri anyamaze. Lakini magunia yalikuwa yakiisha, na mwisho kabisa wa mstari alisimama Bibi Marcelina, ambaye nyumba yake ilimezwa na ziwa lilipofurika.

"Tuende, mutoto wangu, nimechoka," alisema Nadia.

"Mama Nadia, tumehesabiwa mara mbili."

Nadia alilitazama gunia, akashusha pumzi. "Basi turudishe. Mimi nilishakuwa wa mwisho kwa mustari, nikakuta hakuna kitu. Inauma sana."

Walirudi kwa Bwana Leonsi, msimamizi wa mgao, aliyekuwa amekauka sauti kwa kuita majina, wakamweleza kosa lile.

"Kwa nini ulisema wanane?" aliuliza.

"Mama Nadia iko wa kwetu," Fahima alijibu, karibu kulia.

Leonsi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Alipima mgao wa watu wanne, akaurudisha penye magunia. Mstari ulisogea polepole hadi Bibi Marcelina akafika. Uliobaki ulikuwa mgao ule tu, akapewa yeye.

"Murakoze, asante, mwanangu," Leonsi alimwambia Fahima. "Nyumbani, mgeni ni wenu. Kwenye orodha, kila mtu ahesabiwe mara moja tu. Kukosea si aibu. Aibu ni kujua umekosea, ukanyamaza, na mwenzako akalala njaa."