Alama ya Ndani ya Toleo la Tatu

Alikuwa amekifungua kisu na kukikunja, akihesabu, mara mia tano. Kisu kikahesabu mia tano na moja.

Sauti yenyewe aliijua kuliko anavyojua sauti yake: tak, kavu, fupi, pale ubapa unapokaa mahali pake na springi kuukaza. Lakini kisu kilikuwa mezani, kimekunjwa, na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kalamu na karatasi. Akakitazama. Nacho kikatulia kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Shangazi, umesikia?"

Shangazi yake alikuwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akipiga msasa kibao cha mpini kwa mkono wa kushoto. Hakuinua uso. "Nimesikia nini?"

"Kisu kimejifungua."

"Hongera yake. Mtoto wa kike au wa kiume?"

Siku nyingine wangecheka. Lakini Shangazi aliutoa mzaha huo bila kucheka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umesimama.

Humo karakanani binti huyu aliitwa Msasa, kwa sababu ulimi wake ukishalipitia jambo, jambo linang'aa au linatoka damu. Chuoni alikuwa nahodha wa timu ya mdahalo. Wavulana walikuwa wakiomba wasipangwe naye. Nyumbani, mbele ya baba yake, alikuwa mtu wa kutumwa kuleta mafuta.

Karakana ilitengeneza kitu kimoja tu: kisu cha kukunja cha mfukoni, ghali, cha wale wanaonunua kisu kama wengine wanavyonunua saa ya mkono. Kulikuwa na matoleo matatu. Kwenye ubapa wa kila kimoja, nje, paliandikwa jina la Baba. Ndani, chini ya kibao cha mpini, fundi aliyekibuni na kukiunda alichora alama yake kwa sindano ya chuma, kisha skrubu zikakazwa na alama isionekane tena na jicho la mtu. Hiyo ndiyo iliyoitwa alama ya ndani. Na juu ya mlango, kwa mwandiko wa Baba mwenyewe, rangi nyekundu kwenye ubao mweupe, palikuwa na sheria: KISU KISICHO NA ALAMA NI CHA MWENYE KARAKANA.

Sheria nzuri sana, kwa mwenye karakana. Miaka tisa Msasa, hata likizo za chuo, alichora visu, akavikata, akavinoa, na miaka tisa akaambiwa alama ni ya mafundi. "Na fundi ni nani, Baba?" "Fundi anajulikana." Basi kila alichokiunda hakikuwa na alama, na kila kisichokuwa na alama kikawa cha Baba. Hebu mtu aniambie kama huo si wizi uliopakwa rangi nyekundu.

Halafu, wiki tatu nyuma, Baba alimwita ofisini, akampa sindano. "Toleo la tatu ni lako, mama. Weka alama."

Msasa alikwenda kulilia chooni, maji ya bomba yakiwa yamefunguliwa ili asisikike. Tangu siku hiyo Baba, ambaye hakuwahi kumsifu mtu isipokuwa marehemu na chuma, alianza kuwaambia wateja: "Hili la tatu? Ni binti yangu huyu. Peke yake! Mimi sikugusa." Msasa aliyameza maneno hayo kama mgonjwa anavyomeza uji.

Sasa alikuwa ameagizwa kuandika karatasi ya kulinganisha matoleo yote matatu, ya kuwapa wanunuzi. Alianza vizuri. Toleo la kwanza: mpini wa mfupa, mzito kidogo, hukaa na makali mwaka mzima. Toleo la pili: mpini wa pembe, jepesi, hufunguka kwa kidole gumba, makali miaka mitatu. Toleo la tatu: mpini wa mbao nyeusi, jembamba kama kalamu. Makali?

Hapo ndipo kalamu iliposita. Alikuwa amekata nalo kamba ya katani vipande mia nne, kisha kadibodi, kisha akajinyoa nalo malaika ya mkononi kana kwamba limetoka kwenye jiwe la kunolea dakika hiyo. Halikufifia hata chembe. Hakuna chuma cha namna hiyo. Alisoma vyuma miaka mitatu. Na chuma cha matoleo yote kilitoka kwenye mche wa aina moja, tanuru moja, mafuta mamoja. Sababu zote ni sawa, matokeo ni tofauti. Kwenye mdahalo, mtu akikuletea hoja kama hiyo, humpigii makofi. Unauliza amekuficha nini.

Na ile harufu iliyokuwa ikitoka mpinini, je? Mbao haina harufu ya kucha zilizoungua.

Baba alikuwa ametoka. Msasa akaingia ofisini, akatoa kwenye sanduku la kioo toleo la kwanza na la pili, vile visu vya awali kabisa, akavilaza mezani sambamba na cha tatu. Akashika bisibisi.

"Usifungue," Shangazi alisema kwa sauti ya chini.

"Karatasi ina mstari wa fundi. Nataka kujua nijaze nini."

"Jaza jina la baba yako, yaishe."

Skrubu za toleo la kwanza zilitoka kwa shida. Kibao cha mfupa kiliponyanyuka, Msasa alidhani ataona alama ya Baba, ile nyundo yake. Aliona jani dogo lenye mishipa mitatu. Jani lile lile ambalo mama yake alikuwa akilitarizi kwenye pindo la sare yake ya shule.

Mama, ambaye Msasa alielezwa kuwa maisha yake yote alikuwa akifunga visu kwenye maboksi. Mama, aliyekufa Msasa akiwa na miaka kumi na mmoja, vidole vyake vyote vimejikunja ndani ya viganja, vikakataa kunyooshwa hata na waliomwosha.

Akafungua la pili. Duara lenye nukta katikati. Alama hiyo aliijua pia. Ilikuwa kwenye kila kikombe na kila kitana cha Shangazi. Akageuka polepole na kuutazama mkono wa kulia wa Shangazi, uliolala mapajani miaka sita sasa, vidole vimefungwa ngumi. Ajali ya mashine, walimwambia alipokuwa chuoni.

"Haikuwa mashine," alisema.

Shangazi aliweka msasa chini. "Kuna mteja," alinong'ona. "Ndiye anayeyapa matoleo makali. Baba yako alimpata zamani, mwaka ule ule aliokufa mama yako. Anatia makali kisu, halafu siku ya ishirini na moja tangu alama ichorwe anakuja mchana, jua likiwa utosini, kuchukua mkono. Mkono wa aliyetia alama. Kwa mama yako alianza na mkono hakuishia mkononi. Mimi niliwahishwa kwa mganga, akamkatiza mteja njiani, mkono haujaisha, lakini hakuweza kumrudisha alikotoka. Ndiyo maana bado ananidai nusu, na ndiyo maana..."

"Na ndiyo maana ulinyamaza."

"Msasa..."

"Uliniona natoka chooni macho mekundu kwa furaha, Shangazi! Uliniletea soda!"

Shangazi alijifuta uso kwa mkono wa kushoto. Machozi yalimtoka jicho moja, kama hata ya kulia alikuwa na nusu.

Siku ya ishirini na moja. Msasa alihesabu kwa vidole, na vidole vyenyewe vilikuwa vizito. Ilikuwa leo. Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika ishirini.

Akafungua la tatu. Alama yake, mawimbi mawili, ilikuwa imezungukwa na weusi, na chuma pale kilikuwa cha moto kama paji la mgonjwa. Akachukua msasa mkavu, ule mkali kabisa, akaanza kusugua. Kisu kililia. Hakikukwaruza, kililia, kwa sauti nyembamba ndani ya meno yake mwenyewe, na harufu ya kucha zilizoungua ikajaa chumba, lakini alisugua mpaka mawimbi yakaisha na chuma kikabaki kitupu.

"Akikosa alama atauliza," Shangazi alisema. "Na baba yako atakutaja."

"Hatanitaja," alisema Msasa, akikaza skrubu. "Mbele yangu? Hawezi."

Alisema hivyo. Naapa alikuwa anaamini.

Hodi ilipigwa saa saba kasoro robo.

Baba aliingia kwanza, akitabasamu tangu mlangoni. Nyuma yake aliingia mtu wa kawaida mno, koti safi la kijivu, viatu visivyo na vumbi, mikono mifukoni. Na alipovuka kizingiti, cherehe, ile mashine ya kunolea, iliyokuwa haijachomekwa popote ilianza kuzunguka, taratibu, bila mlio, na kivuli cha kila kitu mezani, kalamu, bisibisi, visu vitatu, kikajikunja chini ya kitu chake kama ubapa unaorudi ndani ya mpini, mpaka chumba kizima kikawa kinang'aa bila kivuli hata kimoja, na Msasa akagundua kwamba amekuwa akibana pumzi tangu asikie hodi na kwamba hakumbuki kama alikusudia.

"Nimefuata la tatu," mteja alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Nifungulie."

Baba alikifungua kisu, kibao kikanyanyuka. Mteja akainama. Akatazama kwa muda mrefu.

"Sioni alama."

Tabasamu la Baba lilianguka. Akamtazama Msasa, akamtazama Shangazi, akaelewa.

"Fundi ni nani?" mteja aliuliza.

Msasa alimkazia macho baba yake. Alikuwa hataki mengi. Alitaka tu anyamaze. Angenyamaza, hata kwa pumzi moja, angemsamehe miaka tisa yote pale pale.

"Huyu," Baba alisema, na kidole chake hakikutetemeka. "Binti yangu. Peke yake. Mimi sikugusa."

Maneno yale yale aliyokuwa akiwaambia wateja. Sauti ile ile ya fahari.

Mteja alitoa mkono wa kushoto mfukoni, na Msasa alitaka kupiga kelele na sauti haikuja, kwa sababu mkono ule ulikuwa wa mwanamke, mwembamba, wenye kovu la cherehe chini ya kidole gumba, kovu ambalo yeye mwenyewe utotoni alikuwa akilibusu lipone, na mkono huo ulikuwa ukija kwake juu ya meza, na kabla haujafika ukasita, ukatetemeka, ukajivuta nyuma kama unaopigana na bega lililoubeba.

Sauti yake ikarudi.

"Fundi hatajwi kwa mdomo humu," alisema. "Fundi anajulikana. Si ndivyo, Baba? Miaka tisa nimetengeneza bila alama, na vyote vikawa vyako. Hiki hakina alama." Akaelekeza juu ya mlango. "Soma."

Mteja akageuza shingo, akasoma neno kwa neno. "Hii ni sheria yako?"

"Ya zamani," Baba alisema haraka. "Ni ubao tu, wa kutisha vibarua..."

"Ni yake." Alikuwa Shangazi, amesimama, ngumi yake ya milele kifuani. "Ameandika kwa mkono wake. Wa kulia."

Mteja alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akamgeukia Baba. "Basi ni huo."

Haikutoka damu. Ilisikika tak, moja, kavu, na kidole gumba cha Baba kikalala kiganjani. Tak, cha shahada. Tak, tak, tak. Baba aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake ukifungwa kwa ndani. Mteja akatoa mkono wa kulia mfukoni, na kucha ya kidole chake cha kati ilikuwa na ufa ule ule wa kucha ya Baba, aliopigwa na nyundo zamani. Akajaribu kuushikanisha na ule wa kushoto. Wa kushoto ulikataa. Ulijificha mfukoni.

Mteja alitoka na kisu. Vivuli vikarudi.

"Umemuuza baba yako," Baba alinong'ona.

"Nimekuachia kisu chako," Msasa alisema. Kisha akavua aproni yake, akaivua na sauti ya binti wa mtu.

Amehama sasa. Ana chumba, ana meza, ana jiliwa lake. Visu vyake vina alama nje, mahali jua linapofika. Shangazi humtembelea siku moja moja. Hukaa karibu na mlango, na Msasa humpa chai bila kumpa mazungumzo.

Lakini mchana, jua likiwa utosini, hata kama hakuna kisu mezani, huisikia. Tak. Huweka kalamu chini, huikunjua mikono yake yote miwili mbele ya macho yake, kidole kwa kidole, na kuhesabu. Jana vilikuwa kumi.

Leo kidole gumba cha kulia kimechelewa kunyooka.