Wifi Kapotea

Maiti ilikuwa chini ya jabali, kifudifudi, kiatu kimoja kimemvuka.

Inspekta Jedidah Mutuku aliteremka akijishikilia kwenye vichaka, akilaani joto, kupe, na watu wa mjini wanaochoma petroli mwendo wote ule ili waje kutembea kwa miguu. Kwao Machakos mtu hutembea kwa sababu gari hana.

Ashcombe ni kijiji kidogo kusini-magharibi mwa Fort Worth, Texas. Walowezi wa Kiingereza walikianzisha kwa mazoea ya kwao: vijia vinavyokatiza mashamba ya watu, ngazi za mbao za kuvukia ua, vigeti vya kupita mtu mmoja mmoja. Jumamosi hujaa wageni wa Dallas wenye fimbo na chupa za maji.

"Nani huyu?"

"Glory Kalisti. Muuguzi, Mtanzania, anakaa Irving, upande wa Dallas," akajibu Sajini Erick, msaidizi wake, Mtexas asiye na haraka na neno lolote. "Ameolewa. Mume anaitwa Elia."

"Ameteleza?"

"Anayeteleza huangukia hapa, karibu na mwamba. Huyu ametua kule. Amesukumwa, tena kwa nguvu."

Juu ukingoni, nyuma ya kichaka kinene, nyasi zilikuwa zimelala. Mtu alikuwa amesimama hapo, amejificha. Jedidah aliingia humo, akapiga magoti, akapapasa jani kwa jani. Hakupata kitu.

Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni, nzima. Ujumbe wa mwisho alimwandikia rafiki yake wa Houston, Dorothea: "Wifi kapotea ghafla. Nitakupigia baadaye."

"Anasema nini?" Erick aliuliza.

"Intaneti imekatika. Atampigia."

"Kuna wifi gani porini?"

"Aah, siku hizi watu huita mtandao wowote wifi."

Hilo "kapotea" lilimkwaza kidogo, lakini akajisemea, Watanzania na "ka" zao, akaendelea na kazi. Kama wewe ni mtu wa Tanga au Moshi, usicheke bado. Jedidah alizaliwa Ukambani, na huko ndugu wa mume ni shemeji tu, awe mwanamume awe mwanamke.

Kamera ya duka la kijiji ilikuwa imenasa pikapu ya buluu ikiingia na kutoka. Vioo vyeusi, dereva haonekani. Pikapu ilikuwa ya Elia.

Jioni alikuwa ndani ya chumba cha mahojiano, macho mekundu.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nimelala, afande. Nilitoka zamu ya usiku pale uwanja wa ndege."

"Nani alikuona?"

"Anayelala peke yake anaonwa na nani?"

"Gari lako limeonekana Ashcombe."

"Nilipolala lilikuwa nje. Nilipoamka lilikuwa nje."

"Funguo?"

"Zinaning'inia msumarini, mlangoni."

"Ijumaa majirani waliwasikia mkigombana. Mligombania nini?"

"Mambo ya familia."

"Yapi?"

"Ya familia, afande. Mke wangu amekufa. Niache."

Hakumwacha. Alimweka mahabusu.

Kesho yake dada mkubwa wa Elia, Apolonia, alifika kituoni na hotpoti la wali. Aliishi jengo lilelile la Irving, mlango wa pili kutoka kwa Elia. Alilia hadi kitambaa kikalowa.

"Kaka yangu hawezi kuua hata kuku. Mimi ndiye niliyemlea, mama yetu alikufa mapema."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Nafua."

Jedidah alimwonea huruma. Akampa maji.

Jumatatu Inspekta aliamka mikono imejaa malengelenge, inawasha kama kamwagiwa upupu. Erick alipoiona alicheka bila haya.

"Ule mmea wa majani matatu! Ulipiga magoti katikati yake, bosi. Pale ukingoni umeota nyuma ya kile kichaka tu. Kila mtoto wa hapa anaujua."

"Mimi si mtoto wa hapa!" Jedidah alifoka huku akijikuna. Kisha akaacha kujikuna. "Nyuma ya kichaka tu?"

"Hapo tu."

Alikwenda mbio mahabusu. "Elia, nionyeshe mikono."

Elia aliinyoosha. Ilikuwa safi, haina hata kipele.

"Wapo watu ambao hauwadhuru," Erick alisema. "Mwendesha mashtaka hatakusikiliza. Kesho anamshtaki kwa mauaji."

Kwa Texas hiyo maana yake ni kuzeekea gerezani. Jedidah alichukua funguo za gari. Kama kulikuwa na mtu anayejua ugomvi ule ulihusu nini, alikuwa Houston.

Dorothea alikaa Gulfton, kwenye fleti ambako kila ngazi inanukia chakula cha nchi nyingine. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, uso umevimba kwa kulia.

"Karibu, dada. Pole na safari."

"Pole na msiba. Glory na mumewe waligombania nini?"

"Kuhama. Elia alipata kazi huku Houston, wangehamia mwisho wa mwezi. Glory alitaka waage kwa heshima. Elia akawa anaogopa kusema."

"Kumwogopa nani?"

Dorothea aliuliza lake: "Na wifi yake, alipatikana?"

"Nani?"

"Wifi. Si Glory aliniandikia kuwa kapotea huko njiani? Nilidhani mnamtafuta."

Jedidah alihisi masikio yanawaka moto. Dorothea alikuwa amelitamka neno vizuri, wi-fi, si wai-fai, wala halikufanana hata kidogo na lile la kwenye kompyuta.

"Ngoja kwanza. Wifi ni mtu?"

"Jamani, dada! Ingekuwa intaneti angeandika imepotea. Wifi ni Apolonia, dada wa Elia. Glory alisema anakwenda kutembea naye amwambie habari ya kuhama, wayamalize." Alifunika mdomo. "Kwani hakuwaambia walikuwa pamoja?"

"Alisema anafua," Jedidah alijibu, na njia nzima ya kurudi kituoni alijitukana kwa Kikamba.

Asubuhi Apolonia aliletwa kituoni. Alisomewa haki zake, akakataa wakili. Alivaa blauzi ya mikono mirefu.

"Kunja mikono ya blauzi, tafadhali."

"Ya nini?"

"Kunja tu, dada."

Malengelenge yalianzia vidoleni yakapanda hadi kwenye kiwiko.

"Sabuni ya kufulia," Apolonia alisema upesi.

Jedidah aliweka mikono yake mwenyewe mezani, kando ya ile. Ilifanana.

"Mimi sijafua, dada. Mimi nilipiga magoti nyuma ya kichaka, pale Ashcombe."

Apolonia aliitazama mikono minne. Jedidah akamsogezea ujumbe wa Glory.

"Soma."

Aliusoma.

"Aliandika nimepotea?"

"Alikuwa anakutafuta. Ulichukua funguo msumarini?"

"Nilichukua. Gari langu liko gereji. Glory akasema twende na la Elia, bila kumwamsha."

"Njiani alikwambia nini?"

"Kwamba wanahama. Na kila kitu kimekwisha pangwa!" Sasa sauti ilipanda. "Yeye ndiye anayeniambia! Mtu wa kuja juzi! Mimi nimembeba Elia mgongoni, nimemfundisha kufunga vifungo vya shati, halafu habari zake niambiwe na huyo, tena kwa upole, ananishika bega kama ananipa pole!"

"Ukafanya nini?"

"Nikaondoka. Nikajificha nilie, asinione. Akaanza kuniita. 'Wifi! Wifi!' Akaja mpaka pale ukingoni, akanipa mgongo. Amevaa sweta la Elia, nililomnunulia mimi. Roho ikaniuma, afande. Wivu ulinipanda mpaka hapa." Aligusa koo. "Nikamsukuma."

"Na kaka yako amelala ndani kwa kosa lako. Ungemwacha ashtakiwe leo?"

Apolonia alijibu taratibu, bila machozi.

"Tangu aoe alikuwa hanipigii ila sikukuu. Tangu mmemfunga ananipigia kila siku kwa simu ya mahabusu. Ananiambia, 'Dada, nimebaki na wewe tu.' Ningewaambia ninyi ili iweje?"

Jedidah alimsukumia karatasi ya maelezo, naye Apolonia akasaini.

Elia alitolewa mahabusu mchana. Alirudishiwa mkanda, pochi, na simu iliyoisha chaji. Alisimama kaunta akiwa bado haamini, akamgeukia Inspekta.

"Afande, naomba simu yako dakika moja. Nimwambie dada nimetoka."

Jedidah hakumpa. Alivuta kiti, akamwambia akae kwanza.